Bendi Nne, Besi Moja: Usiku wa Rock Kijenge

Arusha ukiambiwa kuna shoo, picha inayokuja kichwani ni moja tu. Msanii katoka Dar, dj ana flashi yake, wimbo unapigwa mzima na sauti ikiwa ndani, afu msanii anarukaruka juu yake anapiga kelele "mikono juuu" na kumalizia maneno ya mwisho ya kila mstari. Sisemi ni vibaya, nimeruka sana kwenye shoo za hivyo na nitaruka tena mkiniita. Ila imekuwa hivyo miaka mingi mpaka dogo wa miaka ishirini hapa mjini anaweza kuwa hajawahi kusimama karibu na dramu inayopigwa na mtu mwenye mikono yake, ukiacha kanisani. Na hilo la kanisani lishikeni, maana bila kanisa huu usiku ninaotaka kuwasimulia usingekuwepo kabisa.

Tangazo lilizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wiki nzima. Bendi nne, indie rock, hakuna kopi, kila mtu anapiga nyimbo zake, kiingilio elfu kumi ukilipa mapema na elfu kumi na tano mlangoni, klabu moja hivi maeneo ya Kijenge ambayo siku zingine ni ya kuangalia mpira na kula mbuzi choma. Nikalirusha kwenye grupu la familia kuona nani atakuja, mjomba akajibu "hiyo si ile ya nywele ndefu na mashetani?" na mikono ya maombi mitatu. Dada mwingine akasema hiyo miziki ya wazungu waachieni wazungu.

Hapo ndo mi huwa nachoka, yaani nachoka kweli. Gitaa la umeme hatujaletewa jana. Sitamtaja yule mtoto wa Unguja mwenye masharubu, yule wa bendi ya Queen, maana kila mtu akibanwa anamtaja yeye na mwenyewe aliondoka zamani. Nawataja Sunburst, walikuwa Dar miaka ya sabini, wanachanganya rock na soul na ngoma za huku huku, albamu yao Ave Africa ikatokea Zambia mwaka 1976 na huku nyumbani tukawasahau mpaka wazungu walipokuja kuitoa upya miaka kama arobaini baadaye. Namtaja Patrick Balisidya na bendi yake ya Afro 70, msikilize lile gitaa linavyolia afu uje uniambie tena habari ya wazungu. Na kukatazana napo hatujaanza leo, mwaka 1969 soul ilipigwa marufuku Dar es Salaam, kwamba inaharibu vijana. Kwahiyo mjomba yuko kwenye mstari mrefu, hayuko peke yake.

Sasa hilo neno indie la kwenye tangazo, yaani wanaojitegemea. Ukiifuata ilikotoka, ni habari ya hela kuliko habari ya sauti. Mwisho wa mwaka 1976 kule Manchester, Uingereza, vijana wanaoitwa Buzzcocks walikopa kama pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakarekodi, Januari 1977 wakatoa santuri 1,000 wenyewe bila kampuni kubwa, zikaisha, wakachapisha zingine. Basi, ndo hivyo tu. Huku kwetu kuchangishana hakumshtui mtu, tunachangia harusi, kipaimara, send-off, msiba. Na kampuni kubwa ya kuikimbia hatukuwa nayo hata. Tulichokuwa nacho ni shirika. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, kulikuwa na za jeshi, za polisi, za bima. Mwanamuziki ana mshahara wake mwisho wa mwezi, magitaa na spika ni mali ya mwajiri, siku ukiacha kazi unaacha na gitaa mlangoni. Na asiye na shirika alienda kwenye studio ziliko: Wilson na George Kinyonga walikuwa Tanga na Jamhuri Jazz, mwaka 1970 wakaja hapa hapa mjini kwetu, wakaanzisha Arusha Jazz na ndugu yao William, mwaka uliofuata wakavuka Namanga kwenda Nairobi na huko ndo wakawa Simba Wanyika. Arusha walikaa kidogo tu wakapita.

Mashirika yalivyoishiwa pumzi bendi zao zikayumba nazo, na swali likabaki lile lile mpaka leo ukimkuta kijana yeyote anataka kuanzisha bendi. Vyombo vya nani?

Nilifika saa kumi na mbili jioni, mapema, kwa sababu nina ndugu anapiga trampeti kwenye bendi mojawapo na nilitaka kuona wanavyojiandaa. Mlinzi ananiambia "dadaangu bado hatujafungua," nikamwambia niko na wanamuziki, akaniangalia mikono, haina chombo, akacheka akaniachia. Baridi ya mwezi wa saba ile ya Arusha mnaijua, ya ukungu, watu wote wana majaketi na mashuka ya kimasai shingoni. Ndani wanashusha dramu kutoka kwenye toyo. Dramu ya kanisa. Mpiga dramu, dogo mmoja mpole sana wa Sanawari, ameiomba kwa mzee wa kanisa akasema kuna "tamasha la vijana", ambayo sio uongo, na sharti ni irudi kabla ya ibada ya kwanza Jumapili, saa moja asubuhi. Leo Jumamosi. Ngoma yake kubwa ya mguuni ina msalaba umechorwa mbele, wakauziba kwa kitambaa cheusi. Mzee mmoja wa klabu akauliza kwanini mnauziba, uacheni tu, pambo zuri.

Ile ngoma kubwa ikipigwa kwa mguu inatambaa mbele, na jukwaa lenyewe ni vigae, inateleza. Kwahiyo wakatandika kipande cha kapeti, mbele yake wakaweka tofali la block, tofali kabisa la kujengea, wakalizungushia tisheti ili lisikwaruze. Hiyo tofali ilikaa pale usiku mzima na nadhani ndio ilifanya kazi nzito kuliko mtu yeyote.

Bendi zikiwa nyingi kuna utaratibu wa kupima mitambo. Anayepiga mwisho anapima kwanza, mnarudi nyuma hivyo hivyo, ili bendi ya kufungua ikimaliza kupima kila kitu kibaki pale pale kwa ajili yake na shoo ianze. Sasa wa mwisho walikuwa wanatoka Nairobi na Nairobi mpaka hapa ni kilomita kama 270 na mpaka katikati, saa mbili usiku bado wako njiani wanatuma voisi noti. Utaratibu ukafa hapo hapo. Fundi mitambo, baba mmoja wa makamo ambaye kazi yake ya kila wiki ni mikutano ya injili na harusi, akasema mtapima mkiwa mnapiga. Na alivyosema hivyo maiki ikapiga ile fiiiiii watu wakaziba masikio. Maiki ikielekea spika inasikia sauti yake yenyewe, inairudisha kwenye miksa, miksa inaikuza, spika inaitema, maiki inaisikia tena, sekunde moja tu imekuwa filimbi ya kutoboa kichwa. Rock mtu anaimba kwa kelele na magitaa nyuma yako yanafoka, kwahiyo spika zinafunguliwa kubwa na hiyo filimbi inakaa mlangoni muda wote inasubiri. Yule baba alisimama pale miksani na kidole juu ya kitufe usiku mzima, hakunywa hata soda.

Bendi ya kwanza wametoka Moshi, wanafunzi, wanne. Watatu kwa kweli, maana mpiga besi wao alipata mtihani hakuja. Hapo ndo akapanda jamaa mmoja mrefu, kofia ya sufu, na besi yake nyekundu, akauliza "ufunguo gani?" wakamwambia E, akatikisa kichwa wakaanza. Walikuwa na haraka, nyimbo zote zinakimbia, mwimbaji anaangalia viatu vyake, ila wimbo wa tatu ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu waliokuwa nje wanavuta sigara walirudi ndani. Wakashuka.

Bendi ya pili ikapanda. Mpiga besi, jamaa yule yule. Kavua jaketi tu.

Nikamuuliza ndugu yangu wa trampeti, huyo kaka yuko bendi ngapi, akacheka sana. "Tatu leo. Na wale wa Nairobi wana mpiga besi wao ila watatumia ampu yake." Na ukiiona hiyo ampu, lile spika la kukuzia sauti ya besi, unaelewa kila kitu. Likubwa kama friji, ameliokota kwa mtu aliyekuwa anafunga hoteli yake, akalitengeneza mwenyewe mwaka mzima, hapa mjini kati ya hawa vijana wa rock hamna mwingine mwenye kitu cha hivyo. Kupiga anajua, sibishi, vidole vyake vinatembea vizuri sana. Ila wapo wanaopiga zaidi yake, wanapiga kwenye spika ya redio ya nyumbani. Mwenye ampu ndo anaitwa. Zamani shirika lilikuwa la vyama na viwanda, saivi shirika ni mtu mmoja mwenye kofia ya sufu na usafiri wa pikapu ya shemeji yake. Ukisikia mtu anasema vijana wa Arusha hawana mwamko wa bendi, muulize kwanza kama anajua kuna ampu ngapi za besi mji mzima.

Bendi ya pili mimi ndo ilinimaliza. Mpiga gitaa la solo nilimfahamu sura ila sikujua namjulia wapi, mpaka alivyogeuka pembeni ikanijia. Ni yule kaka wa hotelini! Kuna hoteli ya watalii huko nje ya mji tulienda kwenye semina, anakaa pembeni ya meza ya chakula na shati la kitenge, anapiga taratibu zile nyimbo za kumkaribisha mgeni, wageni wanakata tikiti maji hawamwangalii hata. Ana heshima, anatabasamu, sauti ya gitaa iko chini ili watu wasikie vijiko vyao. Wanamuziki wengi wa hapa ndo wanaishi hivyo, na hamna aibu, ada ya mtoto inalipwa. Sasa huyu huyu kasimama Kijenge na tisheti nyeusi, kakanyaga pedali chini pale gitaa likabadilika sauti likawa linakwaruza, na akaanza kupiga kitu ambacho nadhani amekibeba kifuani miaka yote ya tikiti maji.

Pembeni yangu kulikuwa na mzee, koti la kijivu, anakunywa Safari ya moto. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hawa vijana wanapiga. Ila mbona hawaingii sebene? Wanaimba tu wanaimba."

Nikamwambia subiri. Na kweli, wimbo wa nne mwimbaji akanyamaza, dramu ikabana, besi ikashika mstari mmoja ikawa inauzungusha, na yule kaka akaingia na solo. Ndefu. Mzee akaweka chupa chini. "Ehee! Ndiyo hiyo sasa!" Akaingia katikati kucheza, kiuno taratibu, miguu haibanduki sana, dansi kabisa la kizamani juu ya rock ya kukwaruza, na nakwambia lilikaa. Vijana waliokuwa wanatikisa vichwa wakampisha. Tukisema watu wa huku hawaielewi rock tunasahau kwamba baba zetu walikuwa wanalipa kiingilio kusubiri gitaa liachiwe lenyewe.

Afu mama mmoja mnene, gauni la kitenge, mkoba begani, akapanda jukwaani kumtunza. Mnajua kutunza, unaenda unambandika msanii noti kwenye paji la uso. Sasa mpiga gitaa wa rock yuko katikati ya solo, macho kafumba, mikono yote ina kazi, ghafla anasikia kitu usoni. Akafumbua macho. Msimbazi mmoja, noti nyekundu, imegandia kwenye jasho juu ya nyusi. Hawezi kuitoa. Akaendelea kupiga, kichwa kakiinua juu kidogo ili isidondoke, na mama anamchezea mbele yake haondoki, ukumbi mzima unapiga kelele. Ikaja kudondoka kwenye pedali, akaikanyaga kwa mguu wa kushoto ili isiruke, na kwakuwa ameikanyaga pamoja na pedali gitaa likarudi sauti ya hotelini, safi, nyororo, katikati ya solo. Yeye mwenyewe alicheka akapiga hivyo hivyo mistari miwili afu akakanyaga tena likafoka. Watu wakadhani imepangwa.

Bendi ya tatu ndo ya ndugu yangu kwahiyo msiniamini sana. Wanaimba Kiswahili, wana trampeti, na trampeti yenyewe chanzo chake ni tarumbeta za kanisa, zile za Kilutheri, zile zile zinazosindikiza maharusi juu ya pikapu kuzunguka mnara wa saa. Mpiga besi, kofia ile ile. Mpiga dramu pia hakushuka, huyo dogo wa Sanawari alipiga bendi mbili. Ukimuuliza kijana yeyote wa vyombo hapa Arusha au Moshi alijifunzia wapi atakutajia kwaya, na unaona kabisa, wanapiga kwa kumwangalia mwimbaji usoni kama anataka kurudia kiitikio au la, tabia ya mapambio. Rock ya vitabuni haina hiyo. Walikuwa na wimbo mmoja wa kukaa foleni ya maji na madumu, kiitikio chake kilishikwa na ukumbi mara ya pili tu ulivyoimbwa, machalii wa Ngarenaro nyuma kule walikuwa wanauimba kwa sauti ya hip hop, ile ya kukaza koo, maana huu mji ni wa hip hop na chochote ukiwapa wanakikazia.

Na hapo, kwenye wimbo wa madumu, snea, ile ngoma ndogo iliyo mbele ya mpiga dramu, ikapasuka ngozi.

Sikuona, nilisikia. Ule mlio wa "ta" ukawa "pwa". Dogo akaangalia chini, akapigapiga mara mbili, uso ukabadilika. Najua alichokuwa anawaza, wote tulijua, ibada ya kwanza saa moja. Ngozi ya akiba hamna, na saa tano usiku duka gani liko wazi. Aliumalizia ule wimbo kwa kupiga ukingo wa chuma tu, tak tak tak, kumbe ikapendeza. Walipotulia akaigeuza snea magotini, fundi mitambo akaleta ile gundi ya utepe mweusi anayofungia nyaya, wakaziba kwa msalaba, mistari miwili. Mtu akasema haya, msalaba umerudi. Dogo hakucheka.

Nairobi walikuwa wameshafika muda wote huo, wanakula mbuzi kwenye kona na magitaa kati ya miguu. Nitawapita haraka sio kwamba ni wabaya, ni kwamba walikuwa wazuri kwa namna ambayo haina cha kusimulia. Wanajua kazi yao, Nairobi rock imekaa, wana sehemu za kupiga, na walipiga bila kupima mitambo, kwenye snea ya utepe, ampu ya mtu mwingine, na hakuna aliyelalamika. Mwimbaji wao dada mmoja akasalimia "niaje Chuga", yaani Arusha, ukumbi ukalipuka. Nilichofikiria mimi ni akina Kinyonga. Mwaka 1971 ulikuwa unapanda kwenda kule ukitaka kusikika. Hawa wameshuka huku, wameambiwa nauli na pa kulala tu, wakaja.

Saa nane za usiku kiti na meza, mgao. Klabu inakula baa, bendi zinakula mlango, mitambo inalipwa kwanza. Baada ya mitambo dada wa Nairobi akasema ngozi ya snea itoke juu kabla hatujagawana na hakuna aliyebisha, hata sekunde. Nauli yao ikatoka. Kilichobaki ndo ugomvi ukaanza. Tugawe kwa bendi au kwa kichwa? Kwa bendi, yule wa kofia anaondoka na vipande vya mafungu matatu, na wale watoto wa Moshi wakawa wameanza kuguna chini chini. Kwa kichwa, kapiga usiku mzima kalipwa sawa na aliyepiga nyimbo tano. Mimi moyoni nilikuwa nasema mpeni mara tatu, kafanya kazi mara tatu, hesabu gani ngumu hapo. Mwenyewe alikuwa anakunja kebo, hata hakukaa. Akasema, "Mi nihesabuni kichwa kimoja. Ila ampu imepiga bendi nne, nayo ni mtu."

Wakabishana tena dakika kumi, wakampa. Vichwa vyote sawa na fungu moja la ampu. Mzee wa koti la kijivu aliyekuwa bado yupo akasema hivyo ndivyo ilivyokuwa hata enzi zao baada ya mashirika, mwenye vyombo ana fungu lake, mnashangaa nini. Dogo wa Sanawari alikuwa ameshapakia dramu kwenye toyo, anataka alale hata masaa matatu.

Ngozi mpya ilipatikana Jumatatu. Jumapili kwaya ilipiga na ya utepe, ndugu yangu alikuwepo ibadani, anasema mzee wa kanisa aliuliza swali moja tu baada ya ibada, kwamba hilo tamasha la vijana lilikuwa na watu wengi? Akaambiwa ndio mzee, walijaa. Akasema basi sawa, mwakani muombe mapema.

Saivi kuna grupu limefunguliwa la kuchanga wanunue dramu yao wenyewe ili kanisa wasilisumbue, mweka hazina ni yule wa ampu, wamefika kama nusu. Mi nimetoa yangu. Namba siiweki hapa maana matapeli wamejaa, ukikutana nao waulize wenyewe, na kama una snea imelala stoo usiiuze kwanza.